Mama wa Kibirizi na mchoro wa ubongo

Nilipofundishwa unasihi tuliambiwa tusikilize, tusihukumu, tutunze siri. Ubongo haukutajwa. Nikahitimu hivyo hivyo.

Kisha akaja mama mmoja, mchuuzi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mwanawe alizama ziwani usiku wa upepo. Kila injini ya boti iliponguruma, alitetemeka na jasho kumtoka. Nikamwambia, "Jipe moyo mama, uko salama." Alinitazama tu.

Baadaye nilisoma kuhusu amigdala: kiungo kidogo chenye umbo la lozi, kimoja kila upande wa ubongo. Hushiriki kupiga mbiu ya hatari, na moyo huanza kwenda mbio kabla sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso haijapima jambo. (Ubongo hufanya kazi kwa mitandao mipana, lakini picha hii ilinitosha kuanzia.) Maneno yangu yalikuwa yakibisha hodi mlango uliofungwa.

Aliporudi tulianza na pumzi: kuivuta taratibu, kuitoa kwa muda mrefu zaidi. Tunapotoa pumzi, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi moyoni, hupunguza mapigo. Nikamchorea kwenye daftari.

"Kwa hiyo mwanangu, sijarogwa? Wala si wazimu?"

"Hapana, mama. Ubongo wako unakulinda kupita kiasi."

Akalia, mara ya kwanza mbele yangu. Somo hili lingekuwapo mwaka wetu wa kwanza wa mafunzo, nisingempotezea miezi ile.

Siku ya Jumanne mama yule alikaa mwaloni mpaka boti zote zikafika.