Ramani ya korongo wa Poyang: alama zimetoka majini

Hatimaye. Alama ya tuta la Wucheng, kando ya Ziwa Poyang nchini China, imekaa juu ya tuta. Wiki tatu nzima ilikuwa inaelea ziwani, mita 580 hivi kutoka mahali pake, na kila nilichokiita marekebisho kiliitoa kwenye maji haya na kuitupa kwenye maji yale.

Hali ya mradi: alama 64 za kutazamia ndege mkoani Jiangxi, nyingi kandokando ya Ziwa Poyang, ambako karibu korongo weupe wa Siberia wote duniani hukaa majira ya baridi. Mpango ulikuwa safu tatu: korongo, ndege wa misituni Wuyuan, na bata wa mitoni. Ya kwanza imekamilika. Hizo mbili zimelala, na sababu inakuja.

Chanzo cha balaa ni kile kile: China ina mfumo wake wa majiranukta (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani), GCJ-02, unaopotosha kwa makusudi WGS-84, mfumo wa kawaida wa dunia. Ramani za simu za huko zinautumia. Baidu, kampuni ya huko yenye ramani zake, nao wanaongeza upotoshaji wao juu yake, BD-09. GPS ya mkononi na OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, vinabaki WGS-84. Sasa chukua orodha zilizookotwa huku na huko, zimechanganya mifumo yote mitatu, na hakuna hata moja iliyoandika inatumia upi.

Mwanzoni nilijaribu njia ya mkato: pima kosa la alama moja, sogeza zote kwa kiasi hicho. Usifanye hivyo. Pale Wucheng, GCJ-02 inasukuma alama karibu mita 490 mashariki na 310 kusini. Ukiteremka hadi mashamba ya mayungiyungi karibu na Nanchang, mashariki inabaki karibu ile ile, lakini kusini inafika 340. Tofauti ya mita 30 kwenye karatasi si kitu. Juu ya tuta lenye upana wa gari moja, mita 30 ni matope hadi kiunoni. Kinacholeta tofauti ni zile sine ndani ya fomula: mawimbi yake yanapanda na kushuka kadiri unavyosafiri, hivyo hakuna namba moja itakayofaa mkoa mzima.

Kilichofanya kazi ni kugeuza fomula kwa kurudiarudia. Fomula ya kwenda, WGS kuingia GCJ, inajulikana. Ya kurudi haipo moja kwa moja. Basi unajifanya alama ya GCJ ndiyo ya kweli, unaipitisha kwenye fomula ya kwenda, unaangalia imeruka kiasi gani, unaondoa mruko huo kwenye alama ya mwanzo. Mzunguko wa kwanza unabakiza kosa la mita moja au mbili. Wa pili unalimaliza. Skripti yangu inazunguka mara tatu kwa woga tu.

BD-09 kwanza iondolee 0.0065 kwenye longitudo na 0.006 kwenye latitudo, kisha uondoe ule msokoto mdogo ambao fomula ya Baidu inauongeza, ndipo uishushe kama GCJ ya kawaida. Ukiruka msokoto unabaki na kosa linaloweza kufika mita 40, na hapo utailaumu hatua isiyo na hatia. Nimelaumu sana.

Kutambua alama ipi ni ya mfumo upi ndiko kulikokula muda. Dalili ya kwanza ni upande ilikokimbilia: huku Poyang, GCJ inakwenda kusini-mashariki, BD inakwenda kaskazini-mashariki na kuvuka kilomita moja. Lakini dalili hiyo inahitaji ujue mahali pa kweli, na ungepajua usingekuwa na shida. Nikaandika jaribio: kila alama ifasiriwe kwa njia tatu, kisha ipimwe umbali hadi njia au tuta la karibu kwenye OpenStreetMap. Iliyo karibu zaidi imeshinda. Kwenye matuta marefu ya Wucheng jibu lilikuja safi. Kwenye mashamba ya mayungiyungi likavurugika kabisa, maana vijia vimekatiza kila upande kama mkeka, na tafsiri zote tatu zinaangukia karibu na kijia fulani. Dawa ilikuwa kuacha kuuliza alama mojamoja na kuuliza faili zima. Orodha moja kwa kawaida imetoka kwenye chombo kimoja, hivyo jumlisha umbali wa alama zote za faili na uchague mfumo wenye jumla ndogo. Faili mbili zilizonisumbua zikajifichua hapo hapo: moja BD, nyingine GCJ iliyoandikwa longitudo kwanza.

Kuhusu zana: QGIS, programu ya kuchora ramani, ni nzuri, ila usitafute GCJ-02 kwenye orodha yake ya mifumo, haina namba ya EPSG, yaani namba ya utambulisho wa mfumo wa ramani. Programu ya jedwali la hesabu nimeifukuza kabisa. Ilikata desimali kimyakimya hadi nne, na desimali nne ni hatua za mita 11. Tumia CSV ghafi (faili la maandishi matupu lenye mikato), desimali sita.

Sasa kilicholaza zile safu mbili nyingine. Alama zilipokaa sawa, ilionekana wazi kwamba tuta sahihi si lazima liwe na korongo. Kipimo cha kina cha ziwa kilichoko Xingzi hakisaidii sana wakati wa baridi. Ziwa kuu likishuka, vijiziwa vya pembeni vyenye umbo la sahani vinajitenga, kila kimoja kinabaki na maji yake nyuma ya ukingo wake. Korongo anataka maji ya kina kifupi ili achimbe viazi vya Vallisneria, mmea wa majini, kwenye tope. Sahani ikiwa na maji mengi mno hafiki chini. Na mafuriko ya kiangazi yakiua Vallisneria, kama mwaka 2010, ndege wanahamia kwenye nyasi, au siku hizi kwenye mizizi ya mayungiyungi.

Kwa hiyo muda wa safu hizo sasa unakwenda kwenye kuchora ukingo wa maji kwa picha za rada za setilaiti ya Sentinel-1, kwa sababu mawingu ya baridi ya Jiangxi yanafanya picha za kawaida kuwa kazi bure. Maji matulivu yanatokea meusi, nchi kavu inang'aa. Makosa mawili hadi sasa. Upepo ukikwaruza maji, yanang'aa na skripti inayaita nchi kavu. Rada hiyo inatoa picha za aina mbili, VV na VH, kulingana na mwelekeo wa mawimbi yake; VH inavumilia upepo kuliko VV, hivyo nimeachana na VV. La pili ni baya zaidi: tope bichi lililolala laini ni jeusi sawasawa na maji, na tope hilo liko pale pale pembezoni mwa maji, ambapo korongo wanakula. Kwa sasa ninafananisha tarehe mbili mfululizo na kupaka rangi ya kijivu kila kinachobadilika. Sha Hu, kimojawapo cha vijiziwa hivyo, chote kimekuwa kijivu.