Jinsi nilivyoacha kulitafuta gari gizani

Ukipiga kambi porini pasipo na njia za miguu, kwenda ni rahisi. Kazi ni kurudi. Asubuhi napanda kilima, jioni nafika pale gari linapopaswa kuwa, silioni. Vichaka vyote vinafanana. Simu iliishiwa chaji. Kitambaa chekundu juu ya paa kilisaidia mpaka jua lilipozama. Dira nayo haikutosha: ukipinda digrii 5 tu kwa kilomita 3, unatokea kama mita 260 pembeni, na hujui gari liko kushoto au kulia.

Dawa ilikuwa hapo hapo. Sasa naegesha kando ya barabara ya vumbi au korongo linalokatiza njia yangu ya kurudi. Napima uelekeo wa kilele, naongeza au kutoa digrii 180 nipate uelekeo wa kurudi, naandika kwenye karatasi. Wakati wa kurudi silengi gari, nalenga makusudi digrii 10 kushoto kwake. Nikiikuta barabara, nageuka kulia bila kusita, naifuata hadi kambini.

Dira isomeni mkiwa hatua kadhaa mbali na gari, maana chuma huvuta sindano yake.