Siku moja gerejini Uyole: Hiace iliyochemsha Mlima Nyoka

Saa kumi na moja alfajiri naamka. Juni ya Uyole, hapa Mbeya, haina huruma, na spana iliyolala nje hukushika kiganja kama barafu. Nanawa, nakunywa chai ya rangi, navaa koti juu ya ovaroli. Huu ni mwaka wa kumi na nne nafanya kazi ya injini, na bado watu wengi wanadhani fundi ni mtu wa kufungua na kufunga nati. Naomba mtembee nami siku hii moja.

Saa moja nafungua gereji. Kufikia saa tatu tumeshamwaga oili ya magari mawili, tumebadilisha breki pedi za Probox, na Noah inayogonga mbele kulia iko juu ya jeki. Mwenye Noah nimemwahidi saa nane.

Saa tatu na nusu simu inaita. Dereva ninayemfahamu, anaendesha Hiace ya miaka ya 1990, ile ya dizeli yenye injini ya Toyota iitwayo 3L. Ametoka Igurusi anavuta tela lenye mashine ya kupura mpunga, anaipeleka mjini kuchomelewa. Gari limechemsha maji likipanda Mlima Nyoka. Nyuma ya sauti yake namsikia mwenye mali akifoka. Msimu wa mavuno ya mpunga bonde la Usangu ndio huo, na mashine ikilala siku moja ni hela iliyopotea. Nikachukua boda, madumu mawili ya maji na begi la spana, dogo wangu nikamwachia Noah.

Nilipofika, dereva alikuwa ameshafunika kwa tambara kifuniko cha rejeta, kile kipoza maji ya injini, tayari kukifungua. Nilipiga kelele kabla sijashuka kwenye pikipiki. Kwenye Hiace injini iko chini ya siti ya mbele, unainama juu yake uso kwa uso. Maji yaliyobanwa yakipata upenyo yanaruka yote kwa mpigo mmoja, na makovu ya namna hiyo nimeyaona kwenye vifua vya mafundi wenzangu. Na ukimwagia maji baridi injini iliyoiva hivyo, silinda hedi, yaani kichwa cha injini, inapinda au inapasuka.

"Tunasubiri," nikasema.

"Mpaka lini, fundi?" mzee mwenye mashine akauliza.

"Mpaka niweze kushika mpira wa rejeta kwa mkono mtupu."

Hapo ndipo siku yangu ilipokwama. Saa nzima na robo pembeni mwa barabara ya Tanzam, malori ya Tunduma yanapita yananguruma, upepo wa baridi unakata masikio, na mzee hakai. Kila dakika tano ananijia. "Si umwagie tu tuondoke? Wewe umekuja kutengeneza au kukaa?" Nilimjibu kwa heshima kila mara, maana ni mtu mzima na ana haki ya kuumia. Lakini nilikuwa nafanya kazi. Kumhoji dereva ni kazi, labda kubwa kuliko zote.

Nikamuuliza: linachemsha wapi? Akasema tambarare, bila tela, mshale wa geji ya joto uko katikati siku nzima. Likianza kupanda Inyala na tela, unasogea juu taratibu. Leo ulikaribia mwisho, halafu ghafla ukashuka wenyewe, akafurahi akijua limepoa, akaongeza mwendo. Nilisikia baridi nyingine tofauti na ya upepo. Mshale ukishuka hivyo katikati ya mlima, mara nyingi maji yamepungua mpaka sensa imebaki hewani, haisomi tena kitu. Injini inaungua, geji inakwambia imepona.

Lilipopoa nikafungua. Lilikunywa lita nne na zaidi, nikimimina kidogo kidogo. Stiki ya oili ilikuwa safi, haina rangi ya maziwa ya oili iliyoingiliwa na maji. Nikawasha kifuniko kikiwa wazi, nikatazama. Mapovu machache, kisha kimya. Nikakifunga, mpira wa juu wa rejeta haukukakamaa. Gasketi inayoziba kati ya hedi na injini ikiwa imeungua, moshi wa silinda huingia kwenye maji, mapovu hayakomi na mpira unakuwa mgumu upesi. Nilishusha pumzi.

Ila mkono wangu ulishika jambo lingine. Mpira wa juu ulianza kupata uvuguvugu tangu dakika ya kwanza. Injini baridi haitakiwi kupeleka maji kwenye rejeta mapema hivyo; thamostati, vali inayofunguka kwa joto, ndiyo huyazuia.

"Thamostati iko wapi?"

Dereva akatazama chini. Fundi mwingine aliitoa mwezi uliopita, akasema ndiyo inayochemsha. Jambo hili linaniudhi kwa dhati, nalisema kila siku. Kwenye injini nyingi za aina hii thamostati inafanya kazi mbili: ikifunguka kuelekea rejeta, kwa upande wa pili inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka injini tu bila kupita kwenye rejeta. Tambarare hutaona. Mpe mlima na tela, utaona.

Tela tukaliacha na utingo, gari tukaliteremsha gerejini taratibu. Saa saba hivi, sikula. Feni niliizungusha kwa mkono ikiwa ya moto, ikakaza vizuri, kwa hiyo klachi yake, inayoikamatisha na injini, nzima. Kisha nikalala chini na tochi, nikamulika kati ya kondensa, ile kama rejeta ya AC inayokaa mbele, na rejeta yenyewe. Palikuwa na blanketi. Makapi ya mpunga na vumbi la Usangu, yameshikana na mafuta, yamekauka kama udongo wa ukutani. Ukitazama kwa mbele huoni kitu, kondensa inaonekana safi. Hewa ilikuwa haipiti kabisa nusu ya chini.

Kulegeza kondensa, kusafisha: saa mbili na zaidi. Maji unayapitisha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa mpira wa kawaida. Vijana wa kuosha magari wakitumia mashine yenye kasi wanalaza mapezi yote, vile vibati vyembamba vya kupitishia hewa, na rejeta imekwisha. Mwenye Noah alikuja akasimama, akaangalia, akaondoka bila kuaga.

Thamostati mpya ya nyuzi 82 ilitoka Mwanjelwa kwa boda pamoja na kifuniko, maana spring ya kile cha zamani ilikuwa imelegea. Huku kwetu kifuniko ni kitu kikubwa. Uyole iko juu ya mita 1,700, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi kama 94. Kifuniko kizima kwa mgandamizo wake kinayazuia yasichemke mpaka zaidi ya nyuzi 20 mbele ya hapo. Thamostati nikaipeleka kwa mama lishe jirani, nikaitumbukiza kwenye maji yake ya ugali. Ikafunguka. Kipya nacho napima.

Baadaye sikumbuki saa vizuri. Tulipandisha pua ya gari kwenye mwinuko, hita wazi, tukatoa hewa, tukaongeza maji na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, tukasubiri tena. Jua lilikuwa linazama nilipofunga tela na kuteremka nalo mpaka Inyala, nikageuza, nikapanda Mlima Nyoka gia ya pili, mzee kando yangu. Sikumtazama. Nilitazama mshale tu. Ulipanda upana wa unyasi, ukasimama katikati, ukakaa pale mpaka juu.

Gerejini nikamwambia: vifaa hivi, ufundi elfu sitini.

"Elfu sitini kumwagia rejeta maji?"

Nikamletea ndoo. Makapi yaliyotoka yalikuwa yameijaza. Akatia mkono, akayafikicha, akanyamaza kidogo, halafu akasema bado ni nyingi, hakuna ulichofungua. Akatoa arobaini na tano.

Dogo akaniuliza kwa nini sikusema tu gasketi. Tungeshusha hedi, tungelipwa laki kadhaa, na mzee angelipa bila neno kwa sababu angeona injini imetawanywa chini. Anasema kweli, angelipa. Nikamwambia ashike tochi, Noah bado iko juu ya jeki na bolijointi ya kulia inacheza. Tuliifunga saa tatu usiku, vidole havikunji. Mwenye Noah nimempigia mara mbili, hapokei.