Uhifadhi ukishindikana, objekti isidanganye

Mfumo niliokabidhiwa ulikuwa na klasi mama moja, yaani kiolezo kilichorithiwa na objekti zote (vitu vya programu vinavyobeba data, kama oda), na ndani yake methodi, yaani kitendo, ya kuhifadhi iliyorudisha kweli au si kweli. Sehemu nyingi za programu ziliita methodi hiyo bila kutazama jibu. Hifadhidata ikiikataa oda, skrini ilimwambia mteja kuwa imepokelewa.

Nilianza kwa kuifanya methodi irushe eksepsheni, yaani taarifa ya kosa inayosimamisha kazi isipodakwa, kila uhifadhi unaposhindikana. Wenzangu walilalamika kwamba programu sasa inaanguka ovyo. Makosa yalikuwa yale yale ya zamani, ila sasa yanaonekana.

Kazi ngumu ilikuwa kuyatenganisha. Kudaka kila eksepsheni na kuamuru "jaribu tena" ni uvivu. PostgreSQL, hifadhidata mojawapo, huambatanisha kila kosa na msimbo wa herufi au tarakimu tano: 23505 ni thamani iliyojirudia mahali inapotakiwa iwe ya pekee, na hapo hata ukirudia mpaka kesho utakataliwa. Hiyo niliigeuza kuwa eksepsheni yetu wenyewe, yenye jina linaloeleweka kwa anayeandika fomu. 40P01 ni miamala miwili (muamala ni kundi la amri zinazokubaliwa zote au kukataliwa zote) iliyokwamana, kila mmoja ukisubiri kufuli la mwenzake. 40001 ni miamala iliyogongana. Hizi mbili hurudiwa, lakini muamala mzima tangu mwanzo. Ukirudia amri moja ndani ya muamala uliokwisha kuharibika, PostgreSQL hukujibu kwa 25P02 na kukataa kila kitu mpaka uubatilishe. MySQL, hifadhidata nyingine, ina mtego wake: kosa 1213 la kukwamana hubatilisha muamala wote, ila 1205, la kusubiri kufuli kupita muda, kwa kawaida hubatilisha amri ya mwisho tu. Kwa hiyo tunabatilisha wenyewe, bila kukisia.

Kuna lile la mtandao kukatika wakati wa kukamilisha muamala, ambapo hujui kama data imeingia. Dawa yake niliiweka kabla ya kuhifadhi: programu huipa kila oda kitambulisho chake, na jedwali halikubali kitambulisho hicho mara mbili. Tukirudia na kupata 23505 kwenye safuwima ya kitambulisho hicho hasa, tunajua oda ya kwanza ilifika.

Kilichonila muda zaidi ni objekti yenyewe. Muamala ukibatilishwa, hifadhidata hurudi ilivyokuwa. Objekti iliyo kwenye kumbukumbu huenda isirudi. Inabaki na hali ya "imelipwa" ambayo haipo popote. Waandishi wa Hibernate, maktaba ya Java inayounganisha objekti na hifadhidata, wanasema wazi kwamba sesheni (kikao cha kazi na hifadhidata) iliyorusha eksepsheni itupwe, nami nikaifanya kuwa sheria kwa objekti zetu zote. Methodi zinazofanya kazi ya biashara hupokea kitambulisho, hazipokei objekti, ili kila jaribio lisome data upya. Barua pepe nazo nilizitoa humo. Ujumbe huandikwa kwenye jedwali ndani ya muamala ule ule, kisha programu nyingine huutuma, maana barua iliyokwisha kutumwa haibatilishwi.

Majaribio niliyaandika kwa miunganisho miwili inayofunga safumlalo mbili kwa mpangilio uliopishana. Kukwamana kunatokea kweli, na mmoja wao lazima urudie. Kuigiza eksepsheni ni rahisi zaidi, ila hakuonyeshi objekti inabaki na nini baada ya hapo.