Momella, na mpishi aliyeshindwa kukaa

Wanaume wa kwetu Usa River wanaofanya kazi mlimani hawana tabia ya kusimulia. Wanarudi midomo imebabuka, wanalala kutwa, wakiamka wanauliza ada ya shule imelipwa au bado. Baba watoto ni mpishi wa Kilimanjaro, hasa njia ya Machame, na nilichokuwa nakijua mimi kuhusu kazi yake ni nguo tu: suruali zinazonuka moshi, soksi zilizotoboka visigino, makoti ninayobadilisha zipu mwenyewe kwenye cherehani yangu.

Mwanzoni mwa Desemba shule zilikuwa zimefungwa na wageni wa Krismasi hawajaanza kuingia. Ndipo akasema twende wote tukalale Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Mahema akaazima kwa wenzake. Mama mkwe naye akasema yeye haachwi.

"Kwa hiyo tunatoa hela tukalale porini?" aliuliza gari letu la Noah lilipoacha lami. "Nyumba imefanya nini?"

"Mama, tunaenda kupumzika."

"Haya."

Kusema kweli kiingilio cha sisi wananchi si kikubwa kama watu wanavyodhani. Kilichouma ni gari la kukodi. Tulipita geti la Ngongongare, tukafika Serengeti Ndogo, uwanda wa nyasi humo humo hifadhini, watoto wakaona twiga na nyati mpaka wakaacha kupiga kelele wakiwaona. Nyati wa huku nisiwape maneno mengi, wanakutazama kama unadaiwa.

Kwenye maziwa tulikaa sana. Momella si ziwa moja, ni maziwa kadhaa yaliyojipanga karibu karibu, na kila moja na rangi yake: hili la kijani kibichi, lile la buluu, jingine kama maji ya majani yaliyochemshwa. Mwanangu mdogo wa darasa la tatu akauliza nani ameyapaka. Baba yake akachuchumaa, akachora mlima kwa kijiti. Zamani sana, kabla ya watu kuandika, Meru ilikuwa ndefu kuliko hizi mita 4,566 za leo. Ubavu wake wa mashariki ukaporomoka, tope na mawe vikatapakaa mpaka huku chini, na mabonde yaliyobaki katikati ya lile tope yakajaa maji. Maji yenyewe ni ya magadi, na mwani wa kila ziwa ni tofauti, ndiyo maana ya rangi. Heroe walikuwa wachache siku hiyo, wamesimama mbali, lakini waridi lao lilionekana. Mimi nilikuwa namwangalia mchoraji. Sikujua kwamba anaweza kueleza jambo hatua kwa hatua namna ile bila mtu kumkatiza.

Kambi yenyewe iko msituni, upande wa geti la Momella, chini ya kilima cha Tululusia. Miti mirefu, ndevu za miti zinaning'inia, baridi inaingia mapema. Maji ya kunywa tulibeba madumu kutoka nyumbani, ya kuchuja, maana maji ya ukanda huu yana floraidi nyingi. Wameru wengi tunaijua kwa rangi ya meno yetu.

Sasa hapo ndipo nilipomwona mtu ambaye sikuwa namfahamu. Kabla ya kufungua hema alipiga magoti, akapapasa ardhi yote kwa viganja, akitoa vijiti na vijiwe kimoja kimoja. Halafu akajilaza mwenyewe chali pale chini, akafumba macho kidogo, akainuka akageuza mahali pa vichwa. "Mgeni akilala kichwa kikiwa bondeni anaamka na kipandauso," alisema, "na lawama inakuja kwa mpishi." Binti yangu wa kidato cha pili alikuwa ameshika simu. Akaiweka mfukoni, akaanza kupigilia mambo, vile vigingi vya hema.

Nikachukua kisu nimenye viazi. Akaninyang'anya.

"Wewe leo mgeni. Kaa kwenye kiti."

Nilikaa. Ilikuwa tabu kukaa, mikono haikujua pa kwenda. Saa kumi zikaja bisi, karanga na chai kwenye chupa, kwa sababu mlimani saa kumi ni bisi na chai hata kama kunanyesha. Baada ya hapo akaleta beseni la maji ya vuguvugu na kipande cha sabuni mlangoni mwa hema, taulo begani, akaita: "Wageni, maji ya kunawa tayari! Karibuni sana!"

Sauti ile! Nyororo, imepanda juu kidogo, ina tabasamu ndani yake. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Mimi nilicheka nao, ila rohoni kuna kitu kilinichoma. Miaka yote ya ndoa yetu, sauti ile imekuwa ikienda kwa watu wanaokaa naye wiki moja na kuondoka. Kwetu hurudi mwenye sauti akiwa amechoka. Simlaumu, maana hata mimi mteja wa gauni la harusi namchekea kuliko ninavyomchekea yeye. Lakini kuisikia kwa masikio yangu ilikuwa kitu kingine.

Chakula kilikuwa supu ya boga, kuku wa kukaanga, ndizi, na keki. Keki ya sufuria: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na haruhusu mtu kufunua kuchungulia. Akawaeleza watoto jinsi unga na mayai yale yanavyopanda mlima: mgumu mmoja, yaani mpagazi, kilo 20, mzigo unapimwa kwenye mizani getini. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala. Machame ni mahema mwanzo mwisho, kwa hiyo hata meza wageni wanayolia imepanda kichwani mwa mtu. Yote hayo aliyasema amesimama. Alikula amesimama pia, sahani mkononi, karibu na jiko.

"Baba, si ukae," binti akasema.

"Naangalia chai."

Chai ilishakuwa kwenye chupa.

Usiku mama mkwe hakutaka kuingia hemani. Alijifunika blanketi juu ya kanga zake, akaelekeza kidole gizani upande wa Ngare Nanyuki, ambako si mbali na hapo. Mama yake alifukuzwa kule mwaka 1951, serikali ya Waingereza ilipowaondoa Wameru ili ardhi wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zikachomwa. Watoto wanamjua Kirilo Japhet kwa somo la historia, yule aliyefika Umoja wa Mataifa kule New York mwaka 1952 kuidai ardhi ile. Hawakujua kwamba mama wa bibi yao alilala nje na ndama wakati huo, tena kwenye mvua. Bibi alilisimulia bila kupandisha sauti, kisha akaomba aongezwe keki. "Hii ya kulala nje ukiwa umeshiba," alisema, "ina utamu wake."

Alfajiri tuliamshwa na mngurumo. Mdogo akanirukia akisema simba. Simba katika hifadhi hii hawapo. Walikuwa mbega weupe, dume moja linaanza juu ya mti, la kundi jingine linajibu ng'ambo ya korongo, mpaka msitu mzima unakoroma. Kulipopambazuka tuliwaona juu yetu, mikia mirefu myeupe, wanatafuna majani. Mbega hana kidole gumba. Na hana shida na mkate wako. Wa kuchungwa ni nyani.

Wakati wa kufunga mizigo mama mkwe alifungua fundo la kanga, akatoa noti ya elfu mbili, akaikunja, akamwita mwanawe kwa heshima zote: "Mpishi, pokea tipu yako. Chakula kilikuwa kizuri."

Akapokea kwa mikono miwili, akainama, na ile sauti yake akaitoa tena. Kisha akawaambia watoto kuwa sheria ya mlimani ni kugawana na wagumu, na waliochota maji ni wao. Walibishana mgao huo mpaka tunashuka Usa, na binti akashikilia kwamba aliyepigilia mambo hawezi kulipwa sawa na aliyebeba kikombe.