Anayekopa mumemweka wapi?

Leo ni siku ya tano tangu mama aniulize swali lile, na kila nikipanda feri linanirudia. Wiki yenyewe haikuwa tupu: pendekezo langu la utafiti limepitishwa baada ya kurudishwa mara mbili, na posa ya mdogo wangu imekubaliwa Kisauni, lakini nikikaa kuandika, ninajikuta nimerudi barazani kwetu Likoni, Jumapili ile baada ya alasiri.

Biashara ya mama ni kuuza leso. Mwalimu wetu wa mkakati wa biashara chuoni alitutaka tuchague biashara moja tuichambue kwa nguvu tano za Michael Porter, mtaalamu wa mikakati ya biashara, zile alizozieleza mwaka 1979 kama mambo yanayoamua ushindani wa soko, nami nikaichagua hii ya mama kwa sababu ndiyo iliyonisomesha. Nilimfafanulia mama moja baada ya nyingine. Wauzaji wa jumla wa Barabara ya Biashara, ambao wakipandisha bei naye hana budi kupandisha, ni nguvu ya msambazaji. Wasichana wanaouza kwa simu bila duka wala kodi ndio wanaoingia upya sokoni. Dera, lililowafanya wengi waache kujifunga leso wanapotoka, ni bidhaa mbadala. Majirani wawili wenye mzigo ule ule ndio ushindani wenyewe, na mnunuzi naye ana nguvu yake anapoweza kulinganisha bei na kuhama. Wakati wote huo mama alikuwa akipinda leso ya mteja na sindano haikusimama. Nilipomaliza akaniuliza, kwa upole kabisa:

"Sasa mwanangu, huyo anayekopa mumemweka wapi?"

Nikamjibu pale pale, kwa sauti ninayoitumia darasani, kwamba huyo yumo katika nguvu ya mnunuzi.

"Asiye na pesa ana nguvu gani?" akasema, kisha akakata uzi kwa meno.

Hakuongeza neno, wala hakukusudia kunishinda. Kinachoniuma ni ule upesi wangu wa kujibu. Kwa maelezo ya Porter, mnunuzi huwa na nguvu anaponunua kwa wingi, au bidhaa zinapofanana hata kuhama kusimgharimu kitu. Mwanamke anayechukua doti moja leo na kulipa baada ya miezi mitatu hana hata moja katika hayo. Hata hivyo mama hawezi kumrudisha mikono mitupu, kwa kuwa kesho watakaa jamvi moja matangani, na kwa kuwa ni mwanamke huyo huyo atakayemletea oda ya sare za harusi nyumba nzima. Ndiye mzigo wa biashara, na ndiye soko lake. Nilijaribu kumwingiza katika kila mojawapo ya zile nguvu tano, usiku baada ya usiku, akakataa kuingia.

Alhamisi, maktabani, ndipo nilipoanza kupata nafuu. Kwanza nilitambua kwamba nguvu zile zimekusudiwa kupima faida ya sekta nzima, wala si kueleza maamuzi ya mtu mmoja mwenye sanduku la leso. Kosa lilikuwa langu mimi niliyekishika chombo hicho nikakipeleka mahali pasipokuwa pake. Kisha nikairudia makala ya Saras Sarasvathy ya mwaka 2001. Mtafiti huyu aliwachunguza wajasiriamali 27 wenye uzoefu mkubwa, akaona kwamba hawaanzi kwa kukisia faida ya baadaye. Huanza na walichonacho: wao ni nani, wanajua nini, wanamjua nani. Na kabla ya kutia pesa hujiuliza ni hasara kiasi gani wanaweza kuihimili ikiwa mambo yatakwenda kombo.

Nilipofika hapo niliacha kusoma nikabaki nimeduwaa, maana niliikumbuka kanuni ya mama ambayo nimeisikia tangu utotoni bila kuipa uzito: hakopeshi ila kutoka katika mzigo alioumaliza kuulipia, na hakuna anayepewa doti ya pili kabla ya kulipa ya kwanza. Doti moja kwa kila mtu. Ikipotea, duka halifungwi. Miaka yote hiyo alikuwa ameshaweka mpaka wa hasara yake, na anayekopa alikuwa na mahali pake palipopimwa vizuri.

Nilirudi nyumbani kwa furaha ambayo sijaipata tangu nianze shahada hii, na safari hii sikueleza kitu, niliuliza. Nilitaka kujua ni wangapi wanaodaiwa sasa, na ni nani aliyewahi kukosa kulipa kabisa. Mama akacheka, akalitoa daftari chini ya mto, akalifungua, akalisogeza mbali na uso, akalirudisha karibu, kisha akanikabidhi.

"Nisomee wewe, mwanga umepungua."

Ilikuwa saa kumi, na jua lilikuwa limejaa baraza nzima. Miwani aliyopimiwa mwaka juzi alikuwa ameivaa.