Nyumba ya 1936 na mtini uliopanda juu yake

Cherehani yangu iko barazani mwa nyumba ambayo watalii wanaofika Jinja, Uganda, hawaipiti bila kuipiga picha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza paa linavuja wapi. Linavuja juu ya duka la vipuri vya baiskeli, linavuja juu ya ngazi, na siku hizi linavuja karibu na swichi kuu ya umeme. Kwa hiyo mawingu yakitanda upande wa ziwa, mimi huchomoa pasi kwanza, ndipo nikaokoa vitambaa vya watu.

Namba ya ploti sitaitaja, maana kesi haijaisha na kodi bado nalipa. Wenyeji mtaijua tu: ghorofa moja, mtaa wa nyuma ya Main Street, kwenye paji lake mwaka 1936 umechongwa kwa plasta chini ya ua kubwa. Nguzo za mbele ni sita, nene, na kivuli chake ndicho kinachotulisha mafundi cherehani. Waliojenga waliijua biashara. Duka mbele, ghala nyuma, ua wa kupikia katikati, familia juu. Chini ya dari wameacha matundu ya kupitisha upepo, basi hata Januari hujasikia mtu humu ndani akiomba feni. Ngazi ni ya mvule. Inalia kidogo ukiikanyaga upande wa ukuta, lakini haijawahi kuoza, na maji yote hayo yanayoidondokea.

Nyumba kama hizi hazikuota Jinja kwa bahati. Zililetwa na pamba ya Busoga, eneo hili linaloizunguka Jinja. Mwaka 1912 reli ilifika Namasagali, bandari ya mtoni, kutoka hapa, kuyakwepa maporomoko ya Nile, na mizigo ikawa inashuka na kupanda Jinja. Mwaka 1931 daraja la reli likavuka mto kuelekea Kampala. Wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga kwa ushindani, kila mmoja akitaka mwaka wake uonekane juu kuliko wa jirani. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, viwanda navyo vikafuata. Babu yangu, Mnubi aliyestaafu jeshi la Mwingereza, alikuwa mlinzi wa usiku mtaa huu huu, na Kiswahili alichokuwa akigombana nacho na wenye maduka ndicho hiki ninachogombana nacho na dalali.

Halafu ukaja Agosti 1972. Amin akawapa Waasia siku 90. Funguo zikabaki, mali ikaingia mikononi mwa bodi ya serikali, ile ambayo watu huiita Kastodiani tu, na nyumba zikagawiwa wapangaji. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuwarudishia wenyewe, na miaka ya tisini wengi wakarudi kweli kudai chao. Baadhi walitengeneza, wakapaka rangi, wakafungua hoteli na maduka. Hii yangu haikubahatika. Mwenye nyumba alifia ng'ambo. Watoto wake wako Uingereza na Kanada na hawasikilizani. Hapa mjini kuna mtu mwingine mwenye karatasi ya zamani ya kugawiwa, naye anasema ni yake. Wote wawili wana wakili, na katikati yao yuko dalali, mzee mpole ajabu, anayekuja kila mwisho wa mwezi na kitabu cha risiti.

"Mzee wangu, na paa?"

"Mama, mimi nakusanya tu. Nikitengeneza, upande wa pili utasema nimejimilikisha."

Nilidhani ni ujanja wa kutotoa hela. Wakili mmoja, mteja wangu wa suti, akaniambia mzee hana kosa. Mtu ambaye umiliki wake uko mahakamani haweki pesa kwenye vigae ambavyo kesho vinaweza kuwa vya mwenzake. Kodi lakini inapokelewa bila wasiwasi wowote.

Mharibifu mkubwa ni mtini. Ndege au popo alidondosha mbegu kwenye mfereji wa paa, ikaota, na sasa mizizi minene kama mkono wa mtoto imeshuka nyuma ya plasta. Mfereji umeziba, maji ya mvua yanarudi ukutani. Zamani walijenga kwa matofali na chokaa, na ukuta wa chokaa unapumua, unalowa na kukauka. Miaka kadhaa nyuma, mpangaji wa duka la kona alimwita fundi, ufa ukazibwa kwa saruji ngumu. Maji yakakosa pa kutokea. Saruji ile ilipokuja kubanduka ilibanduka na uso wa matofali, na ndani yake nikaona unga mwekundu unaomwagika ukigusa kwa kidole. Siku hiyo nilihamisha kiti changu nguzo moja zaidi.

Rangi, hiyo inapakwa. Kila akitarajiwa mgeni mkubwa tunaambiwa wapangaji tupake mbele, nasi tunapaka hadi pale ngazi ya kuazima inapofika. Kwa hiyo nyumba yetu chini ni ya krimu na juu ni ya ukungu.

Ulinzi? Kampala kwenyewe, jengo la Makumbusho ya Uganda pale Kamwokya, kazi ya msanifu Mjerumani Ernst May iliyokamilika mwaka 1954, lilikaribia kubomolewa mwaka 2011 kupisha mnara wa ghorofa 60. Watu wakaenda mahakamani, wakapiga kelele, na jengo bado lipo. Hilo ni la serikali na lina jina. Sisi tumeingia kwenye ramani ya majengo ya kihistoria ya Jinja, kuna shirika la utamaduni lililoichapisha, na tangu 2023 nchi ina sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu badala ya ile ya 1967. Nafurahi. Ila ramani haipandi juu kung'oa mtini.

Wasomi wakija hapa huzungumzia urithi, na vijana wa boda-boda hujibu kwamba Wahindi walijenga kwa ajili yao, kwa nini tulie? Mimi silii kwa ajili ya Wahindi, wala sitaki nyumba igeuzwe ya maonyesho nikatolewa na cherehani yangu kwa heshima zote. Nataka mahakama iruhusu sehemu ya kodi iwekwe kando, chini ya msimamizi, itengeneze paa wakati wakubwa wanaendelea kubishana. Wakili mteja wangu anasema linawezekana, lakini mmoja wa wenye kesi lazima aliombe. Wa ng'ambo hawajibu. Wa hapa anangoja ianguke, maana ploti tupu mjini ina wanunuzi wengi kuliko nyumba yenye wapangaji wabishi. Na tangu Jinja ifanywe jiji mwaka 2020, kila mwenye kipande chake anaota jengo la vioo lenye vyumba vya duka kama vibiriti.

Wiki iliyopita alikuja mtu na futi. Alipima ngazi ya mvule, akapima milango ya mikunjo ya mbele, akapiga picha bawaba. Nikamuuliza, ndugu, unapima ukarabati? Akacheka. Ananunua mbao za zamani, anazipeleka Kampala kutengenezea meza za mahoteli. Bei ya milango alishaambiwa. Aliyemwambia hakutaka kumtaja.

Mwenye vipuri amenunua kufuli mpya. Mimi nimeulizia kibanda soko kuu. Nafasi ipo ghorofa ya juu tu, na wateja wangu wa sare za shule ni akina mama wenye mtoto mgongoni na mfuko wa mihogo mkononi. Huko juu hawatapanda.